Barua ya wazi kwa TFF: Timu ndogo ziwe wenyeji katika Kombe la Shirikisho

Kwa Rais wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, na wote mliokabidhiwa dhamana ya kuendesha Kombe la Shirikisho, mashindano ya mtoano yanayokutanisha timu za Ligi Kuu na za madaraja ya chini.

Ndugu viongozi,

Nawaandikia kutoka Sumbawanga, mji ambao tarehe 2 Agosti 2020 mliuletea fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Namungo, na kwa kuwa barua hii ni ya kuomba, naona ni haki nianze kwa kushukuru. Siku ile Uwanja wa Nelson Mandela ulipokea watu kwa wingi ambao mimi sikuwahi kuuona pale: waliotoka Namanyere na Matai, waliotoka Laela, waliotoka Mpanda kwa magari ya alfajiri, na wengine waliopanda juu ya malori ya mahindi kwa sababu nafasi ndani ya mabasi zilikuwa zimekwisha tangu jana yake. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake kwa baiskeli. Wachezaji walipotoka kupasha misuli, mzee hakupiga kelele kama sisi; alimshika mtoto bega akawa anamwonyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, na kumtajia majina bila kukosea hata moja, maana alikuwa amewajua kwa miaka kupitia redio na hakuwahi kuwaona kwa macho yake. Simba walishinda 2-1 na kuondoka na kombe. Mzee alibaki ameketi mpaka uwanja ulipokuwa karibu mtupu.

Uamuzi wa kuitembeza fainali ni wenu, na mmeushikilia. Fainali ya kwanza baada ya mashindano haya kufufuliwa ilichezwa Dar es Salaam mwaka 2016, kisha ikaenda Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, hapa kwetu 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Tanga 2023, na Zanzibar 2024 na 2025. Sijui uamuzi mwingine wa mpira wetu katika kipindi hiki uliowafikia watu wa mikoani kwa namna hii. Ombi langu linatoka ndani ya uamuzi huohuo: mlichokifanya kwa fainali, kifanyeni pia kwa raundi za mwanzo. Naomba iandikwe kanuni, isiachiwe bahati ya droo, kwamba kuanzia raundi ambayo timu za Ligi Kuu zinaingia mpaka hatua ya 16 bora, timu iliyo daraja la chini ndiyo iwe mwenyeji, kwenye uwanja wake au, ikishindikana, kwenye uwanja mwingine ulio mkoani kwake.

Nasema hivyo kwa sababu fainali, pamoja na uzuri wake wote, ni mgeni anayepita. Sisi wa Sumbawanga tulizitazama timu mbili ambazo hakuna iliyokuwa yetu, tukazishangilia kama watu wanaoshangilia harusi ya jirani, na tangu siku ile tunasubiri zamu yetu nyingine, ambayo kwa nchi yenye mikoa mingi kama yetu yaweza isije tena mimi nikiwa hai. Mechi ya raundi ya mwanzo ni jambo tofauti. Pale anayetoka kukabiliana na mabingwa wa nchi ni kijana aliyesoma shule na mwanao, na yule anayemkaba mshambuliaji wa timu ya taifa asubuhi yake alikuwa akibeba abiria kwa bodaboda katika stendi unayoijua.

Nalifahamu hili kwa karibu. Kwa miaka sita nilikuwa katibu wa klabu ndogo ya hapa Rukwa, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa waliopo sasa hawakunituma niwasemee. Msimu mmoja tulivuka raundi ambayo hatukuwahi kuivuka, na habari zikaenea mjini kwamba raundi inayofuata tungekutana na timu ya Ligi Kuu. Mzee anayetunza uwanja wetu hakusubiri droo. Kesho yake asubuhi nilimkuta na fyekeo, shati amelivua na kulitundika kwenye mwamba wa goli, akifyeka nyasi kuanzia kona ya kaskazini; siku ya tatu alikuwa amemaliza, akachukua kamba na vigingi vinne akapima upya eneo la hatari, kwa sababu alisema wachezaji wa Ligi Kuu wataona mara moja kama mstari umepinda. Chokaa alinunua kwa fedha yake. Droo ilipofanyika tukapangwa ugenini, Dar es Salaam. Nilikwenda kumwambia mwenyewe ili asisikie kwa watu, naye akaniuliza kama bado upo uwezekano mechi ikahamishwa.

Tulisafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwa Coaster ya kukodi, kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, tukalala njiani usiku mmoja baada ya gari kuharibika, na kufika Dar es Salaam usiku wa kuamkia mechi. Fedha za safari zilikuwa michango ya wafanyabiashara wa soko, walimu na wazazi, pamoja na mkopo ambao viongozi wawili waliubeba kwa majina yao na kuulipa kwa karibu mwaka mzima. Mechi ilichezwa siku ya kazi, saa 10 jioni. Majukwaa yalikuwa wazi kiasi kwamba kutoka benchi letu niliwasikia mabeki wa wapinzani wakiitana, na sikuwalaumu watu wa Dar es Salaam kwa kutokuja, kwani mtu anayeiona timu ile mara mbili kwa mwezi ana sababu gani ya kukatisha kazi ili aione ikicheza na klabu asiyowahi kuisikia? Tulifungwa mabao manne. Katika hilo sina lalamiko, walikuwa bora kuliko sisi. Ninachokumbuka kwa uchungu ni kwamba siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, watu wa mji wetu walikuwa wamejazana kwenye vibanda viwili vya simu wakisikiliza taarifa kutoka kwa mchezaji wetu wa akiba aliyekuwa akiwapigia simu kuwapa hesabu ya mabao, huku umbali wa mwendo wa dakika kumi ukiwapo uwanja uliofyekwa, uliochorwa chokaa, usio na mtu.

Ndugu viongozi, hesabu ya jambo hili ni nyepesi. Mechi moja, wachezaji walewale 22, ikichezwa Dar es Salaam inawavuta watu wachache na mapato ya mlangoni yanaishia kwenye gharama za uwanja. Ikichezwa Sumbawanga, Songea, Musoma au Tabora inajaza uwanja, inajaza nyumba za wageni, na mama lishe wanapika masufuria mawili badala ya moja. Klabu ya daraja la chini inayopata mapato ya mlangoni ya siku moja kama ile inaweza kulipia vifaa na safari za msimu mzima. Klabu hiyohiyo ikipangiwa ugenini, kufuzu kwake kunageuka deni. Nimeona vijana wakiomba kimya kimya wasivuke raundi, kwa sababu walijua hakuna fedha ya nauli ya raundi inayofuata, na hali hiyo katika mashindano ambayo uhai wake wote umo katika kuvuka raundi ni hali ya kusikitisha mno.

Kuna mfano wa Kigoma ambao naomba mnisikilize nikiueleza kwa utulivu, kwa sababu unasema zaidi ya hoja zangu. Desemba 2018 Mashujaa ya Kigoma, ikiwa bado haijafika Ligi Kuu, iliitoa Simba katika kombe hili kwa mabao 3-2. Mechi ilichezwa Dar es Salaam. Ushindi ule, ambao mji wowote ungeusimulia kwa watoto na wajukuu, watu wa Kigoma waliupokea wakiwa mbali, na mchezaji wa Mashujaa aliyetaka kumkimbilia mama yake jukwaani hakuwa na mama jukwaani. Aprili 2024 timu hizo zilikutana tena katika kombe hilihili, safari hii Uwanja wa Lake Tanganyika, na Mashujaa, wakati huo wakiwa tayari Ligi Kuu, wakaitoa Simba tena kwa mikwaju ya penati. Matokeo ni yaleyale, kombe ni lilelile, ila mara ya pili wenye timu walikuwapo. Sidhani kama yupo mtu wa Kigoma anayehitaji kuelezwa tofauti ya siku hizo mbili.

Mtaniambia kwamba timu ndogo zimeshinda hata zikiwa ugenini, na ni kweli. Desemba 2017 Green Warriors, timu ya Daraja la Pili, iliitoa Simba kwa penati pale Chamazi, nayo Simba ndiyo ilikuwa bingwa mtetezi. Lakini angalieni pia kilichotokea pale timu ya mkoani ilipobahatika kuwa nyumbani katika hatua kubwa. Mbao waliifunga Yanga bao 1-0 katika nusu fainali ya 2017 pale CCM Kirumba, Mwanza, wakaenda Dodoma kucheza fainali na Simba iliyoamuliwa katika dakika za nyongeza. Lipuli waliifunga Yanga 2-0 katika nusu fainali ya 2019 pale Samora, Iringa. Timu zote mbili zilikuwa Ligi Kuu wakati huo na zote zilishuka mwaka 2020, na ukimwuliza mtu wa Iringa leo kuhusu Lipuli, hatakuanzia na kushuka daraja, atakuanzia na siku ile.

Kuna jambo jingine ambalo kombe hili linafanya na ligi haiwezi kulifanya. Katika misimu kumi, kutoka 2015/16 hadi 2024/25, Yanga wamelichukua mara tano, Simba mara tatu, Azam mara moja na Mtibwa Sugar mara moja, kwa hiyo klabu pekee ya nje ya Dar es Salaam iliyolibeba ni Mtibwa ya Turiani, Morogoro, iliyoifunga Singida United 3-2 Arusha mwaka 2018. Ukisoma orodha ya mabingwa peke yake utadhani ni mali ya jiji moja. Soma sasa orodha ya timu za mikoani zilizofika fainali: Mbao, Mtibwa, Singida United, Lipuli, Namungo, Coastal Union, Singida Black Stars. Fainali sita kati ya kumi zilikuwa na angalau timu moja ya mikoani. Na Namungo, ambao walifungwa hapa mbele ya macho yangu, walipata nafasi ya kuiwakilisha nchi kwa kuwa Simba walikuwa pia mabingwa wa ligi, wakaingia Kombe la Shirikisho Afrika (majina ya mashindano haya mawili huwachanganya hata watangazaji) na kufika hatua ya makundi msimu wa 2020/21. Klabu ya Ruangwa, iliyokuwa imemaliza tu msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ilifika makundi ya Afrika kupitia mlango wa kombe hili. Wazee wetu walilijua hilo zamani kupitia Kombe la Nyerere, ambalo bingwa wake alikwenda Kombe la Washindi barani, na ndiyo maana walisikitika mashindano ya aina hii yalipokaa kimya kwa zaidi ya miaka kumi, na wakafurahi yaliporudi.

Kanuni ninayoiomba si ngeni duniani. Ujerumani, timu zilizo chini ya madaraja mawili ya juu hucheza nyumbani zinapokutana na timu za madaraja hayo katika raundi za mwanzo, na ndiyo sababu Bayern Munich walikwenda Saarbrücken mwezi Novemba 2023 kucheza na timu ya daraja la tatu, wakafungwa 2-1 na kutolewa. Ufaransa, timu ikipangwa ugenini dhidi ya timu iliyo juu yake kwa madaraja mawili au zaidi, mechi huhamishiwa nyumbani kwa yule mdogo. Hispania walibadili mfumo wao msimu wa 2019/20, wakaondoa mechi za kurudiana katika raundi zote kabla ya nusu fainali na kumpa wa daraja la chini haki ya kuwa mwenyeji. Januari 2021 Real Madrid walikwenda mji mdogo wa Alcoy na kutolewa na Alcoyano ya daraja la tatu. Nchi hizo zina klabu tajiri zenye sauti kubwa kuliko zetu, na klabu hizo zimeikubali kanuni hiyo na kupanda basi.

Najua mtakayoyasema, na si madogo. La kwanza ni viwanja. Klabu nyingi za chini zinacheza kwenye viwanja vyenye mawe na mashimo, na hakuna anayetaka kuona mchezaji, awe wa klabu kubwa au ndogo, akivunjika mguu kwenye shimo. Hilo nalikubali kabisa, na ndiyo maana ombi langu linasema uwanja wake au uwanja ulio mkoani kwake. Karibu kila mkoa una uwanja ambao umewahi kupokea mechi kubwa: Majimaji Songea, Nang'wanda Sijaona Mtwara, Ali Hassan Mwinyi Tabora, Kaitaba Bukoba, Karume Musoma, Kambarage Shinyanga, Sokoine Mbeya. Uwanja wa klabu ukikataliwa na wakaguzi, mechi iende kwenye uwanja wa mkoa huo. Kinachouma ni kuona udhaifu wa uwanja wa timu ndogo ukiwa sababu ya kuipeleka mechi kwenye jiji la mpinzani wake.

La pili ni matangazo ya televisheni. Mashindano haya yalifufuliwa kwa fedha ya mdhamini aliyekuwa kampuni ya matangazo, na bila kamera huenda tusingekuwa nayo leo, kwa hiyo sitalizungumza jambo hili kana kwamba kupeleka gari la matangazo mkoani ni bure. Lakini kamera zilifika Sumbawanga, zilifika Lindi, zilifika Kigoma, na kwa mechi za ligi zinafika mikoani kila wiki. Si lazima mechi zote za raundi ya 32 bora zionyeshwe moja kwa moja. Nyingine zikitangazwa redioni tu, watu wake watakuwa uwanjani.

La tatu, na hili ndilo gumu zaidi, ni ratiba. Timu zinazoshiriki mashindano ya Afrika zina safari nyingi, na kumwambia kocha aliyerudi kutoka Afrika Kaskazini siku nne zilizopita kwamba sasa apande gari kwenda Rukwa si jambo la kupuuza. Jibu langu ni kwamba tatizo hilo linatatuliwa kwa kalenda iliyopangwa mapema, ambayo sote, wakubwa kwa wadogo, tunaihitaji. Tarehe za raundi za kombe zikitangazwa pamoja na ratiba ya ligi mwanzoni mwa msimu, na kila mechi ikajulikana uwanja wake angalau wiki tatu kabla, kocha wa timu kubwa atapanga nani ampumzishe na mhazini wa timu ndogo atapanga kiingilio. Nami ningekubali, kama ndilo sharti, timu kubwa ilipiwe nauli ya ndege kutoka fungu la mdhamini mahali penye uwanja wa ndege unaofanya kazi. Afadhali fedha hiyo itoke hapo kuliko kuiacha Coaster iliyojaa vijana wanaojilipia wenyewe itembee usiku kucha.

Sijagusa mgawanyo wa mapato wala zawadi, ingawa nina maoni juu ya yote mawili, kwa sababu sitaki ombi moja lizamishwe na maombi mengine. Kama ni lazima kuanza kidogo, anzeni na raundi moja tu, ile ambayo timu za Ligi Kuu zinaingia, muipime kwa misimu miwili: mhesabu walioingia uwanjani, mhesabu mapato, muwaulize makamisaa wa mechi kuhusu usalama, kisha mwamue mkiwa na takwimu zenu wenyewe mkononi. Naamini matokeo yake yatawashawishi kuliko barua yangu.

Kanuni za mashindano hupitiwa kabla ya kila msimu, na kipengele cha mwenyeji ni sentensi moja au mbili. Naomba mtakapokaa kupitia za msimu ujao sentensi hizo ziwekwe mezani zijadiliwe, na uamuzi wowote mtakaoufikia, hata ukiwa wa kukataa, mtueleze sababu zake ili nasi huku tujue la kurekebisha, iwe ni nyasi, uzio au vyumba vya kubadilishia nguo.

Mzee wetu wa uwanja bado yupo. Fyekeo lake amelitundika nyuma ya mlango wa chumba tunachohifadhia nyavu, na kila msimu kombe linapoanza huniuliza tumepangwa na nani, na wapi. Wiki tatu zinamtosha.

Wenu katika kuujenga mpira wa nchi yetu,

Katibu mstaafu wa klabu, Sumbawanga